Sola katika mashua ya mjomba

Mwezi wa Aprili 2024, tukirudi Kigoma kwa mashua ya tanga kutoka Kagunga, kwenye Ziwa Tanganyika, na madumu ya mawese na magunia ya mihogo mikavu, boti moja ya injini ilitupita usiku kwa umbali ambao ningeweza kumpa nahodha wake kiberiti mkononi. Hakutuona. Taa yetu pekee ilikuwa tochi iliyofungwa kwenye mlingoti kwa mpira wa baiskeli, na betri zake zilikuwa zimekwisha tangu tulipokuwa usawa wa Mwamgongo. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenye mashua na ndiye aliyekuwa ameshika usukani, hakusema neno mpaka tulipofika Kibirizi alfajiri. Tulipokwisha kufunga kamba ndipo aliponigeukia. "Wewe si fundi umeme? Nyumba za Gungu na Mwanga zinawaka kwa mikono yako, na chombo cha mjomba wako kinakwenda kama mwizi." Nikamjibu kwamba kazi hiyo ni ya siku mbili. Ilichukua majuma matano.

Mashua yenyewe ni ya mbao, ina urefu wa mita 9, mlingoti mmoja na tanga la pembetatu, pamoja na injini ndogo ya kuning'iniza nyuma ambayo mjomba huiwasha pale tu upepo unapokufa. Upande wetu wa Ziwa Tanganyika mashua za tanga zimebaki chache kwa sababu wengi wamehamia kwenye injini, lakini yeye hushikilia kwamba petroli hununuliwa na upepo huletwa. Nafasi ya kufanya kazi ilipatikana ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Sisi hatuvui, tunabeba mizigo, kwa hiyo zuio halikutugusa moja kwa moja; ila mizigo ya dagaa ilipungua, na mjomba akakubali chombo chake kikae juu ya magogo pale Katonga kwa muda ambao kwa kawaida asingeukubali hata kwa kusihiwa.

Kigoma si mji wa kufundishwa sola. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka kwenye jenereta za dizeli, na vijiji vya mwambao, ambavyo vingine havifikiki kwa gari, vilizoea paneli kabla ya kuona nguzo. Hata wavuvi wa dagaa, ambao zamani walivutia samaki kwa karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wao hutumia taa za LED zenye betri. Nilidhani basi kwamba nitachukua maarifa ya paa la nyumba na kuyashusha majini kama yalivyo. Nilisahau mambo mawili ambayo nyumba haina: paa halina mlingoti unaotembeza kivuli chake juu ya paneli kutwa nzima, na kuta hazitikisiki usiku kucha zikikata uzi mmoja wa waya baada ya mwingine. Mengine yote yalikuwa hesabu tu.

Hesabu tuliifanya tukiwa tumekaa juu ya gogo na daftari. Taa za njia ni tatu, kila moja ya wati 3, na zikiwaka saa 12 zinakula wati-saa 108. Taa mbili za ndani za wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 40. Simu sita za mabaharia na abiria, nikikadiria wati-saa 15 kwa kila moja, ni 90. Kifaa cha GPS cha wati 10 kwa saa 10 ni 100, na redio ya wati 10 kwa saa 5 ni 50. Pampu ya kutoa maji ngamani, yaani sakafuni kabisa mwa chombo yanakojikusanya, hula ampea 3, yaani wati 36, na nilikadiria kwamba kwa siku itafanya kazi nusu saa kwa jumla, ambayo ni wati-saa 18. Jumla ni wati-saa 406. Katika mfumo wa volti 12, ukizigawanya kwa volti hizo, ni kama ampea-saa 34. Mjomba alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza friji iko wapi. Alikuwa ameona friji ndogo ya volti 12 kwenye gari la watalii na akaipenda. Nikamwonyesha kwa kalamu: friji ya wati 45, hata ikipumzika nusu ya muda wote, kwa siku nzima inakula wati-saa 540, kiasi ambacho kinazidi vitu vyote vingine vikijumlishwa pamoja. Akasema tutalizungumza baadaye, maneno ambayo katika ukoo wetu hayamaanishi kwamba jambo limekwisha.

Kuhusu taa za njia, vijana wa Katonga waliniuliza kwa nini nisifunge taa moja kubwa nyeupe nikapumzika. Mtu anayeuliza hivyo hajasimama Bangwe usiku usio na mwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao na ziwa limekuwa kama mji mwingine uliojengwa majini. Taa nyeupe peke yake katikati ya taa hizo humwambia nahodha anayekuja kwamba wewe ni mvuvi mwingine uliyetulia na nyavu zako, na yeye atakupita karibu bila wasiwasi. Nyekundu upande wa kushoto na kijani upande wa kulia humwambia kwamba chombo kinatembea, tena humwonyesha kinaelekea wapi. Nimefuata vipimo vya kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana: kila taa ya ubavuni iangaze nyuzi 112.5 kuanzia mbele kabisa, na nyeupe ya nyuma nyuzi 135, ili tatu hizo zikamilishe duara bila kuingiliana. Injini ikiwashwa huongezwa taa nyeupe ya mbele juu ya mlingoti, kwa kuwa wakati huo mashua, hata ikiwa na tanga, huhesabiwa kuwa chombo cha injini. Waya wa taa hiyo ya mlingoti ulikuja kunitesa, nitaueleza.

Betri ya kwanza niliinunua mjini, katika duka ambalo sitalitaja. Ilikuwa imeandikwa ampea 100 kwa herufi kubwa za dhahabu. Nilipoibeba begani kwenda kwenye pikipiki nikahisi jambo haliko sawa, kwa sababu betri nyingine za risasi za kiasi hicho nimezibeba mara nyingi na huwa ninapumzika njiani. Pale Katonga nikaiweka kwenye mizani ya mfanyabiashara wa dagaa: kilo 19. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 30, na risasi haina njia ya kupungua uzito ikabaki na nguvu ile ile. Mwenye duka aliniambia kwamba ni teknolojia mpya. Tulibishana hadi adhuhuri, nikarudishiwa fedha pungufu kidogo, na betri ya pili ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Tangu siku hiyo, atakayeniuliza namna ya kutambua betri ya kweli ya risasi, ninamwambia aende dukani na mizani kabla ya kwenda na mita.

Niliwahi kufikiria lithiamu. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, kwa kiasi hicho hicho, ina uzito wa kilo 12 hivi, na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya kilichomo bila kuiumiza, ilhali ile ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa mashua inayokwenda kwa tanga, kilo 18 za kupunguza si jambo dogo. Lakini mfuko wa mjomba ulikuwa na mwisho wake, na uzito ukiwekwa chini karibu na mkuku haukosi faida, maana hukituliza chombo upepo unapokilaza. Tukachukua ya risasi ya aina ya jeli, ya ampea-saa 100, tukijua kwamba kwa kweli tuna 50, yaani wati-saa 600, zinazotosha siku moja na nusu jua likikataa kabisa. Volti ndizo zinazoonyesha hali yake: ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu 12.7, na ikifika 12.2 imefika nusu na ni wakati wa kuzima redio. Betri ya gari sikuiweka kwenye mizani hata kidogo. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha kila usiku na kuijaza kila mchana haimalizi mwaka.

Betri inakaa katika sanduku la mbao lililopigwa skrubu kwenye mataruma, juu ya usawa ambao maji ya ngama yanaweza kufika, na imefungwa mkanda ili mashua ikilala isihame. Sanduku lina matundu juu, kwa sababu betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Ila gesi niliyoiogopa zaidi ni mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hushuka kukaa ngamani kimya. Dumu la petroli la mjomba lilikuwa likikaa hapo hapo palipopangiwa betri. Tulilihamishia nyuma kabisa, mahali pa wazi, baada ya mabishano mafupi ambayo kwa mara moja nilishinda.

Paneli ni mbili za wati 100. Nilikadiria saa 4 za jua kamili kwa siku, hesabu ya uchoyo kidogo kwa Kigoma, nikapata wati-saa 800, nikakata asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na nyaya, zikabaki 560. Zinatosha matumizi ya 406 na kubakiza akiba ya kufidia siku ya mawingu. Swali lilikuwa zikae wapi. Nyumbani huwa tunazilaza kidogo kuelekea kaskazini, lakini mashua haina kaskazini: asubuhi inaelekea Gombe na jioni inaelekea mjini. Nikakaa na hesabu ya jua. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo jua hutupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Hata Juni, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, saa sita mchana liko nyuzi 62 juu ya upeo, na paneli iliyolala bapa hupoteza asilimia 12 tu ikilinganishwa na iliyolikabili. Nikazilaza bapa bila majuto. Hasara ya kulaza ni kwamba mvua haioshi uchafu vizuri, na ndege wa ziwani hawana adabu.

Kilichonishangaza ni asubuhi. Milima ya mwambao wa mashariki, hasa kuanzia Gombe kwenda kaskazini, imesimama wima juu ya maji, na chombo kinachopita karibu na nchi kavu hukaa kivulini muda mrefu baada ya watu wa juu kuanika nguo. Saa mbili asubuhi mita husoma mkondo mdogo kana kwamba kuna hitilafu. Alasiri mambo hugeuka, kwa kuwa jua huzama upande wa Kongo juu ya maji matupu na paneli hulipata mpaka dakika za mwisho.

Sasa kivuli. Nilianza kwa kuziweka paneli zote mbili katikati, juu ya kibanda cha mizigo nyuma ya mlingoti, mahali palipoonekana pazuri na pasipo na upepo mwingi. Nikaziunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili volti ziwe kubwa na mkondo uwe mdogo, jambo ambalo hupunguza hasara ya waya. Saa sita mita ilionyesha karibu ampea 11 zikiingia kwenye betri, nikafurahi. Saa nane kivuli cha mlingoti, ambacho upana wake hauzidi kiganja, kilikatiza paneli moja, na ampea zikashuka chini ya 2. Nilidhani waya umekatika. Nilipousogeza mlingoti wa mfano, yaani mwiko wa ugali uliokuwa karibu, juu ya paneli ile ile, mita ilipanda na kushuka kwa kufuata mkono wangu.

Sababu yake haina uchawi. Ndani ya paneli ya volti 12 mna seli 36 zilizoungwa kama foleni ya watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, ndoo za wote zinasimama. Ndiyo maana watengenezaji huweka dayodi za pembeni, ambazo huupitisha mkondo kando ya sehemu iliyofunikwa. Nilifungua kisanduku cha nyuma cha kila paneli. Moja ilikuwa na dayodi mbili, kwa hiyo kivuli kikiigusa inapoteza nusu. Nyingine ilikuwa na nafasi za dayodi na dayodi hazikuwamo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiziba njia ya mwenzake pia, kwa kuwa nilikuwa nimezipanga foleni moja.

Nikabadilisha mambo yote mawili. Kwanza niliziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili moja ikilala nyingine iendelee. Kisha nikazihamishia nyuma kabisa, juu ya kichwa cha mshika usukani, moja kushoto na moja kulia, zikiwa zimeachana kiasi kwamba kivuli cha mlingoti hakiwezi kuziangukia zote kwa wakati mmoja. Mtu mwenye paneli mbili nzuri zenye dayodi zake na kontrola yenye akili, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, anaweza kubaki na mfululizo na akafaidi nyaya nyembamba, siwezi kumkatalia. Kwa paneli nilizokuwa nazo, kivuli kikipita sasa ninapoteza nusu badala ya karibu zote. Tanga lenyewe, likijaa upande wa jua, bado hufunika paneli moja kwa saa nzima, na hilo nimeliacha. Mashua ya tanga bila tanga ni mtumbwi mkubwa.

Fremu ni ya mabomba ya zinki ya inchi moja, imefungwa kwa bolti zinazotoboa mbao mpaka upande wa pili na kushikwa na washa pana. Paneli ya kioo ya wati 100 ina uzito wa kilo 7 hadi 8, lakini uzito si tatizo. Tatizo ni upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini hupuliza ziwani kwa nguvu, na kila paneli ni tanga dogo ambalo huwezi kulishusha. Nimeacha pia nafasi ya vidole vinne chini ya paneli ili hewa ipite, kwa kuwa paneli hupungua nguvu kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Ikifika nyuzi 60, kama inavyofika kirahisi ikigandamizwa kwenye mbao nyeusi, asilimia 14 zimekwenda. Mshika usukani amepata kivuli cha bure. Mjomba huwaambia watu kwamba hilo lilikuwa wazo lake.

Kontrola niliyoichagua ni ya MPPT, na mjomba, aliyelipia gharama ya ziada, alitaka kujua kwa nini. Paneli ya wati 100 hutoa karibu ampea 5.5 kwa volti 18. Kontrola ya kawaida, ile ya PWM, huibana paneli ifuate volti za betri, tuseme 13, na hapo unapata wati 72 hivi. Nyingine unazilipia bila kuziona. Ya MPPT huiacha paneli kwenye volti zake na kuzibadilisha ziada kuwa ampea. Kwenye nyumba yenye paa kubwa ningemshauri mtu aongeze paneli badala ya kununua kontrola ya ghali. Kwenye mashua hakuna paa la kuongeza.

Nyaya ndizo zilizomaliza majuma. Kutoka kwenye paneli hadi kwenye kontrola ni mita 6, kwa hiyo umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi. Kwa mkondo wa ampea 11, waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.9 njiani, wa 6 unapoteza chini ya 0.4. Nikachukua wa 6. Dukani nilipewa waya mwekundu mzuri, nikaukwangua kwa kisu, na chini ya ngozi ya shaba pakatokea weupe wa alumini. Alumini hupitisha umeme vibaya zaidi, kwa unene ule ule upinzani wake ni kama mara 1.6 ya shaba, na ikipata unyevu ikiwa imegusana na shaba huliwa haraka. Nikaurudisha. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja mgumu nao haufai, kwa sababu mtikisiko huuvunja mahali unapopindwa. Unahitajika wa nyuzi nyingi nyembamba, na kama unapatikana uliopakwa bati, bora zaidi. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi ya kule pwani, na kutu ya huku ni ya mwendo wa pole, lakini unyevu ni unyevu.

Kila mwisho wa waya nimeubana kwa kichwa cha shaba kwa koleo la kubania, si kwa nyundo, kisha nikaufunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Nyaya zimeshikwa kwenye mbao kila baada ya nusu mita, na kabla ya kuingia kwenye kisanduku chochote zinashuka kidogo na kupanda tena, ili maji yanayofuata waya yadondoke kwenye bonde hilo badala ya kuingia ndani. Fyuzi kuu iko umbali usiozidi shubiri moja kutoka kwenye chanya ya betri. Wengi huiweka karibu na kifaa wakidhani inakilinda kifaa. Fyuzi hulinda waya, na kipande cha waya kilichoko kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Betri ya ukubwa huo ikipigwa shoti inaweza kutoa mamia ya ampea na kuuyeyusha waya ndani ya mbao za mashua, na mashua ikiungua katikati ya ziwa hakuna jirani wa kuleta ndoo.

Pampu ya ngama ina fyuzi yake na haipiti kwenye swichi kuu. Hujiwasha yenyewe kwa kielea chake maji yakipanda, hata mashua ikiwa imefungwa na watu wamekwenda msibani. Siku ya kuunganisha nilivua pete na saa, nikafunika paneli kwa blanketi, nikafunga betri kwenye kontrola kwanza na paneli mwisho, kwa kuwa kontrola nyingi zinataka kuijua betri kabla ya kupokea jua. Kwenye vichwa vya betri nilipaka mafuta ya mgando. Mjomba alipendekeza mawese, ambayo tunayo madumu kwa madumu, na ilinibidi nieleze kwamba mafuta ya kula yakichacha hutoa asidi inayoila shaba na kuifanya ya kijani. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa chakula chake.

Safari ya kwanza ilikuwa Septemba, kwenda Kagunga. Jioni betri ilisoma 12.7, na alfajiri, baada ya taa, GPS na redio ya usiku kucha, ilisoma 12.4. Boti mbili zilitukwepa kutoka mbali. Mabaharia walichaji simu zao, na tulipotia nanga Mwamgongo watu wa kijijini nao wakaleta za kwao, jambo ambalo halikuwamo kwenye daftari.

Makosa yamejitokeza pia. Mnamo Novemba, mvua zilipokolea, taa ya mlingoti ilizimika. Nilijua ni wapi kabla ya kupanda: kiungio kimoja nilikuwa nimekisokota kwa mkono na kukifunga tepu, nikisema nitakibana vizuri kesho. Ndani ya tepu shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Siku nyingine chaji ilishuka ghafla mchana wa jua kali. Tulikuwa tumefunga Kibirizi, na mama mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameanika dagaa wake juu ya paneli zote mbili, akisema kioo kile hukausha haraka kuliko mchanga. Alikuwa sahihi kuhusu kukausha. Kuhusu radi, ambazo msimu wa mvua hutujia kutoka upande wa Kongo kwa wingi, sina kinga ya kujivunia: wingu jeusi likianza kunguruma ninachomoa viunganishi vya paneli na vya taa ya mlingoti, na watu wanakaa mbali na mlingoti wenyewe.

Mwezi ujao mashua itavutwa tena Katonga ili ikalafatiwe, nami nitapitisha waya mpya wa mlingoti, mzima, usio na kiungio hata kimoja kutoka juu hadi chini, na kuziweka dayodi zile mbili zilizokosekana. Jana mjomba alinipigia simu kuuliza kama kule nyuma, juu ya fremu, paneli ya tatu inaweza kuingia. Nilipouliza ni ya nini, alisema ameshazungumza na mtu anayeuza friji.